Jibini Isiyovutika

Karema,
Jumapili, 12 Januari 2025

Mwanangu Getrude, Mama Dorice,

Natumaini barua hii itakukuta salama hapo Shanwe, wewe na mjukuu wangu. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu. Najua kila mtu siku hizi anapiga simu, lakini mimi simu naiona inawaka tu, sauti iliyo ndani haifiki masikioni. Jirani yangu Klementina hunipokelea, kisha hunirudia maneno kwa kupayuka, na wavuvi wote ufukweni wanajua mambo yangu kabla yangu. Kwa hiyo nimeona niandike. Barua namkabidhi Zakayo, kondakta wa gari la Mpanda.

Nina ombi. Mwezi wa sita mumeo Makarius anatimiza mwaka kaburini. Misa tumeiandikisha Jumamosi ya tarehe saba, na shule zitakuwa zimefungwa. Nakuomba uje na Dorice. Kama kazi zitakubana, mpakie kwenye gari, Zakayo atamshika mkono mpaka mlangoni kwangu. Sijamwona tangu tulipomzika baba yake. Makarius aliacha huyo mmoja tu, na kile kidevu ni cha kwake kabisa.

Nataka akifika akute ule mkate wa jibini. Unakumbuka safari ya mwisho waliyokuja wawili? Makarius alishuka kwenye lori la mpunga na boksi bapa kifuani, kama amebeba mtoto mchanga. Mkate uliokuwa ndani tuliupasha juu ya mfuniko wa sufuria. Dorice akauma kipande, akavuta, jibini ikawa uzi, naye akaanza kurudi nyuma ili aone uzi utafika wapi. Akarudi mpaka mlangoni, ukakatika, ukamwangukia kuku. Makarius alicheka mpaka akakaa chini. Sikuwa nimemwona akicheka hivyo tangu aote ndevu.

Siku hiyo alisema wewe umeshajua kuutengeneza nyumbani, na wako ni mtamu kuliko wa dukani. Alisema mara mbili. Sasa nifundishe, mwanangu. Hapa nina sufuria pana, mkaa na muda.

Mpe Dorice marahaba zake, zimelimbikizwa huku.

Ni mimi mama yako,
Rozalia


Shanwe, Mpanda
26 Januari 2025

Mama,

Shikamoo. Barua imefika. Sisi ni wazima, riziki tunajitafutia wenyewe.

Kuhusu Dorice, simpeleki mahali atakapokaa na njaa. Siku hizi anachagua chakula. Akikuta ugali na samaki wenu wa migebuka asubuhi na jioni atalia, na mimi sitakuwepo kumbembeleza. Huo mkate ndio anaoula bila kelele. Basi tufanye hivi: tengeneza kwanza. Ukitoka kama aliouzoea kwa baba yake, uvutike vilevile, niandikie, nitamleta. Usipotoka, tusisumbuane.

Unga ni kama wa maandazi, huo unaujua. Kazi iko kwenye jibini. Chemsha maziwa ya ng'ombe mpaka yafoke, kamua ndimu humo, yakikatika chuja kwa kitambaa, funga, ning'iniza yakauke. Ukishatandaza unga kwenye sufuria, tia hiyo jibini juu, funika, weka makaa juu ya mfuniko na chini kidogo. Itayeyuka yenyewe na kuvutika. Usiulize watu wa huko, hawajui.

Usiharakishe. Muda unao, umesema mwenyewe.

Getrude


Karema,
16 Februari 2025

Mwanangu Getrude,

Nimefurahi sana kupata barua yako. Niliisoma nikiwa nimesimama, kisha nikakaa nikaisoma tena.

Nimejaribu. Maziwa nachukua kwa Malale, yule Msukuma mwenye boma upande wa mbugani. Ni mbali kidogo na njia ina matope wakati huu, ila ng'ombe wake wananyonyesha na hana ubahili. Alitaka kujua mama mzima anaenda wapi na ndoo kila siku, nikamwambia namngoja mjukuu. Akaniongezea kikombe.

Maziwa yalikatika vizuri kama ulivyosema. Nilining'iniza kitambaa kwenye boriti ya jikoni, nikakihamisha kwa sababu ya paka. Unga nao uliumuka. Lakini makaa yalipowaka jibini haikuyeyuka, mwanangu. Ilikaa juu ya mkate kama pumba, ikakauka, pembeni ikawa kahawia. Niliichota kwa uma nikaivuta, ikapukutika.

Klementina alikuja kwa harufu. Akaangalia ndani ya sufuria muda mrefu.

"Dada, hiki ni nini? Ubongo wa mbuzi?"

Nikamwambia ni mkate wa mjini.

"Mjini wana shida," akasema. Lakini alikula vipande vitatu, na cha nne alikificha kwenye kanga.

Nadhani nimekosea mahali. Labda ndimu za huku ni kali, au maziwa ya Malale ni mazito. Niambie na mimi nitarudia.

Nimekutumia dagaa waliokaushwa juani, hawana mchanga, niliwachambua mwenyewe. Makarius alipokuwa mdogo alikuwa anawapanga mezani kwa mstari kabla ya kula, wakubwa mbele na wadogo nyuma, akisema wanakwenda shule. Sijui kama Dorice naye ana mambo hayo.

Mama yako,
Rozalia


Shanwe,
2 Machi 2025

Mama,

Shikamoo. Kosa si la ndimu, ni la mikono yako. Umechemsha kidogo. Chemsha tena mpaka maziwa yapungue, na ndimu uongeze, usizionee huruma. Kisha bonyeza hiyo jibini chini ya jiwe zito, kesho yake ndipo uitumie.

Makarius alikuwa akisema kwamba hukuwa na mkono wa kupika, kwamba kwenu walikula kwa sababu ya njaa tu. Mimi nilikuwa nakutetea. Sasa naona alijua anachosema.

Dagaa nimewapa kuku wa Venerande, jirani yangu. Mimi na Dorice tumeacha kula vitu vyenye harufu.

Mwezi wa sita hauko mbali.

Getrude


Karema,
30 Machi 2025

Mwanangu Getrude,

Nimekaa na barua yako muda kabla ya kujibu, maana mvua ilikata barabara na gari halikwenda.

Kumbe alisema hivyo? Sikujua, ila siwezi kubisha. Baba yake alipofariki nilikuwa napika huku nafikiri mambo mengine, na kuna wakati ugali ulikuwa mbichi katikati. Makarius aliula, akasema, "Mama, huu wa leo una kiini kama yai." Mimi nilidhani ananisifu. Asante kwa kunitetea, mwanangu. Si kila mke anamtetea mama mkwe.

Nimefanya kama ulivyoagiza. Nilichemsha mpaka maziwa yakawa nusu, nikakamua ndimu mpaka vidole vikaniwasha, nina mikwaruzo ya kuparua samaki na ndimu iliitafuta yote. Jiwe niliazima la kusagia. Kesho yake jibini ilitoka ngumu kama kifutio. Ndani ya sufuria haikuyeyuka hata kidogo. Nilimpa mtoto wa jirani kipande, akakidundisha chini kuona kama kitaruka.

Nitarudia wiki ijayo. Goti linanisumbua kwenye ile njia ya boma, kwa hiyo Malale ameahidi kuniletea maziwa akija mnadani. Usichoke kunielekeza. Nikiona bahasha yako mikononi mwa Zakayo naona kama nyumba imepata mgeni.

Je, Dorice amerefuka? Nataka kumshonea gauni la misa. Pima kwa kamba kutoka begani mpaka gotini, uikate, unitumie hiyo kamba.

Mama yako,
Rozalia


Mpanda
13/4/2025

Kwa Bibi Rozalia,

Shikamoo bibi. Mimi ni Dorice, niko darasa la nne. Barua hii nimempa Zakayo stendi mama akiwa ananunua nyanya. Usimwambie mama.

Bibi, mama haweki ndimu. Mama hatengenezi jibini. Ananunua ile ya njano kipande kwa mama mmoja hapa sokoni mwenye friji, inatoka Mbeya. Anaikwangua kwa kile cha karoti. Unga anaukanda na hamira, sukari kidogo na mafuta, anauacha uumuke, anautandaza kwenye sufuria, anaupaka siagi yenye kitunguu saumu, anatia jibini, anaufunika na makaa juu. Ukiiva anaukata virefu kama vidole. Ndivyo unavuta. Ile ya ndimu haivuti hata ukifanya nini, mama alimwambia Venerande hivyo.

Barua zako zikija mama anamsomea Venerande kwa sauti ya kizee na wanacheka sana. Mimi sicheki. Nilicheka mara moja tu, pale pa ubongo wa mbuzi.

Mama anasema sitakuja Karema hata ukitengeneza. Mimi nilitaka kuja. Dagaa hatukuwapa kuku, tulikula.

Kamba nimepima mwenyewe, iko humu.

Mjukuu wako,
Dorice Makarius


Karema,
Jumapili ya Pasaka, 20 Aprili 2025

Mwanangu Getrude,

Heri ya Pasaka. Kristo amefufuka.

Sikupata jibu lako la barua ya mwezi wa tatu, nadhani kazi ni nyingi. Mimi nimerudia ule mkate na haukuvutika, kwa hiyo nimepumzika kidogo kukamua ndimu.

Nimekaa hapa nje na karatasi na nimefikiri jambo moja, naomba unisikilize kwa upole. Inawezekana mimi nimekukosea. Sijui ni wapi. Nimerudi nyuma kwa mawazo tangu siku ya kwanza Makarius alipokuleta hapa, ukiwa umevaa viatu vyeupe na njia nzima ni tope, na wewe hukulalamika, uliviosha tu ukaviweka juu ya paa vikauke. Nilikupenda siku hiyo. Tangu pale sijui nilipokosea, ila mtu hujikwaa asiposhika taa. Kama kuna neno nililosema, au nililoacha kusema, niambie wazi. Sitakasirika. Mimi si mtu wa kukasirika tena, hasira zote nilizitumia mwezi wa sita mwaka jana.

Ninachotaka ni kumwona mtoto. Hata kama ni kwa siku ya misa tu, na jioni arudi na gari lilelile.

Mama yako,
Rozalia


Shanwe,
4 Mei 2025

Rozalia,

Shikamoo sikupi.

Umeuliza, nakujibu. Siku ya mazishi ulikaa mkeka wa mbele, wanao kulia na kushoto. Mimi nilikuwa nyuma na wapishi, kwa sababu shemeji yako Kassiani aliniambia mkeka wa wafiwa umejaa. Nikasema haya, sitagombania mkeka na maiti ipo. Kisha akasimama na karatasi kusoma wasifu wa marehemu. Alizaliwa wapi, akabatizwa lini, akasoma wapi, akaendesha lori la nani. Watu mia wamenyamaza. Halafu akasoma: "Marehemu ameacha mama mzazi, ndugu wanne na mtoto mmoja."

Mtoto mmoja. Aliokotwa ziwani?

Nilikaa na Makarius tangu nikiwa binti. Nilimfulia, nilimzalia, nilimuuguza malaria ikampanda kichwani akawa ananiita kwa jina lako. Lori lilipopinduka ni mimi niliyekwenda kumtambua, si Kassiani. Na mbele ya jeneza lake sikuwepo duniani. Mwanamke mmoja pale jikoni akaniuliza, "Kumbe wewe ulikuwa nani yake?" Nikiwa nimeshika mwiko.

Nikakutazama wewe. Nilijua utasema neno. Kassiani alipomaliza kusoma akakugeukia, na wewe ukatingisha kichwa. Umekubali. Nilikuona kwa macho yangu.

Hayo ya ndimu nilikudanganya makusudi. Nilitaka ukamue mpaka uumie, uende bomani na goti lako na urudi, utie makaa, ufunue, ukute pumba. Nilitaka ujue mtu anavyofanya kila kitu anachoambiwa na bado haitoshi. Na uliniandikia asante! Nimecheka na barua zako mpaka nimelia, na nikilia Venerande anadhani bado nacheka.

Dorice nimemchapa kwa ile barua. Zakayo ana mdomo. Wewe ukajifanya hukuipata, ukadhani unamficha. Umemficha nani? Fimbo amekula.

Haji.

Getrude


Karema,
25 Mei 2025

Mwanangu Getrude,

Nimesoma barua yako mara nyingi, na kila mara nilitaka kuanza safari ya kuja. Goti halikukubali, ndiyo maana nakuandikia.

Sikusikia. Sina jibu jingine, na najua ni dogo. Masikio yangu yalianza kufa masika ya mwaka ule, na nilikuwa naona aibu, nikawa naficha. Siku ile watu walikuwa wanafungua midomo mbele yangu na mimi natingisha kichwa. Walipouliza kama nitakunywa maji nilitingisha. Walipouliza kama jeneza lifunikwe nilitingisha, kisha nikaona linafunikwa. Kassiani aliponigeukia nilidhani anauliza kama amesoma vizuri. Nilikutafuta kwa macho pale mkekani, nikaambiwa umeomba kukaa na wenzako jikoni. Niliamini.

Nimekwenda kwa Kassiani. Nilimkuta ufukweni anashona nyavu na wenzake, nikamwambia apaze sauti maana nataka kusikia kila neno.

"Kassiani, kwenye wasifu wa Makarius, mke wake ulimweka wapi?"

"Mke gani, shemeji? Cheti kiko wapi?"

"Ukipita Mpanda ulikuwa unakula ugali wa nani?"

"Ugali haufungishi ndoa. Ungekuwa unafungisha, mimi ningekuwa na wake kumi!"

Wale wavuvi wakacheka. Nikamwambia, "Sawa. Siku yako ikifika, nitamwambia mwandishi aandike kwamba umeacha nyavu." Wakacheka zaidi, ila yeye hakucheka. Akasema ndoa haikuwa ya kanisani na yeye hakutaka Padre aulize maswali. Nikamwambia Padre angeuliza, tungejibu.

Kisha nimekwenda kwa katekista Optatus. Amekubali. Baada ya misa wasifu utasomwa upya, wote, na nitausoma mimi mwenyewe. Nimeshauandika. Unasema: "Ameacha mjane, Getrude, aliyeishi naye kwa upendo na kumtunza, na mtoto wao Dorice." Nimejizoeza kuusoma mbele ya Klementina ili nijue sauti yangu inafika. Anasema inafika mpaka Kongo.

Mkeka wa mbele ni wako. Nitakaa pembeni yako, nikitaka kutingisha kichwa nitakuuliza kwanza.

Na kwa kuwa sasa umeniambia ukweli wa jibini, nimemwagiza Zakayo. Ameniletea kipande cha njano ndani ya lile sanduku la barafu la samaki. Nimefanya kidogo jana. Unavutika, mwanangu. Nilisimama peke yangu jikoni nikiushika ule uzi.

Usimchape Dorice tena kwa ajili yangu. Hilo ndilo lililoniuma kuliko mengine yote. Gauni lake liko tayari, la bluu.

Njooni.

Mama yako,
Rozalia


Shanwe,
3 Juni 2025

Mama,

Shikamoo.

Nimekuamini. Nasema hilo kwanza ili usije kudhani kwamba ninayoyaandika hapa chini ni kwa hasira. Hasira nilikuwa nayo mwezi wa tano.

Umechelewa. Tarehe kumi na nne naolewa na Martin wa Sumbawanga, ndoa ya kanisani na cheti. Tunahamia huko. Martin na ndugu zake wanajua mimi ni msichana niliyezalishwa nyumbani kwetu, basi. Hawajui kuwa niliwahi kukaa na mwanaume. Ndiyo, nimemfuta Makarius. Nilijifunza kwenu. Kassiani alinitendea wema bila kujua: asiyesomwa siku ya mazishi si mjane wa mtu, anaweza kuanza upya, na mimi nimeanza.

Sasa sikiliza vizuri. Dada yake Martin ameolewa hapo Karema, nyumba yao iko karibu na misheni na yeye hakosi misa. Ukisimama Jumamosi ukasoma "ameacha mjane, Getrude", jioni hiyohiyo Martin atapigiwa simu, na mimi nitabaki bila huyu na bila yule. Mwaka jana nililitaka jina langu kwenye karatasi hiyo kuliko chakula. Mwaka huu nakuomba ulitoe. Kama una huruma yoyote, usome wasifu vilevile alivyousoma Kassiani. Neno kwa neno.

Dorice haji. Huko Sumbawanga ataandikishwa shule kwa jina la Martin. Ni mtoto, atazoea. Nimemwambia bibi yake ni mgonjwa na hataki wageni. Alilia siku moja.

Usituandikie tena. Barua zako ni nzuri, ndiyo sababu.

Getrude


Karema,
Jumapili, 8 Juni 2025

Mwanangu Getrude,

Umesema nisiandike. Hii ni ya mwisho, na nimeibandika kwa gundi pande zote ili Zakayo asiwe na cha kusema. Ukiisoma ichome.

Nimeona ni haki yako kujua yaliyotokea, usije ukakaa na wasiwasi wiki ya ndoa.

Kanisa lilijaa. Kassiani alikuja na shati jipya. Yule dada wa Martin nilionyeshwa na Klementina bila kumwambia sababu, alikaa safu ya tatu na mtoto mgongoni, ana sura ya upole. Baada ya misa Optatus aliniita mbele. Karatasi niliyoiandika kwanza niliiacha nyumbani chini ya godoro, nikaenda na nyingine. Nikasoma alipozaliwa, alipobatizwa, kazi yake. Nilipofika mwisho nilisoma polepole, kwa sauti ile inayofika: "Marehemu ameacha mama mzazi, ndugu wanne na mtoto mmoja."

Safari hii nilisikia. Nilikuwa nimekaza masikio.

Optatus alinitazama, maana alijua nilichokuwa nimeahidi. Kassiani alinifuata nje, akanishika mkono. "Shemeji, sasa umekuwa mtu mzima," alisema, karibu kabisa na sikio. "Umeona nilikuwa sahihi." Amekwenda kuwaambia wale wa nyavu kwamba nimemwomba radhi, na mimi nimeacha iwe hivyo, kwa sababu nikimkanusha itabidi niseme kwa nini.

Wengine walisema kwa sauti, wakijua kwamba sisikii. Klementina alinirudia baadaye. Walisema: yule mwanamke wa Mpanda hata misa ya mwaka hakuja, na mtoto amemnyima bibi yake, basi hakuwa mke, alikuwa mpita njia. Nilitingisha kichwa kwa Klementina, nikasema, "Ndivyo ilivyo." Nimekusema vibaya, mwanangu, ili uolewe salama. Nilitaka ulijue hilo kutoka kwangu.

Mkate niliupika. Sufuria mbili. Niliukata virefu kama vidole, nikaupanga kwenye sinia, na watoto wa jumuiya wakaumaliza kabla wakubwa hawajanawa. Yule dada wa Martin alikuja kuniuliza nani amenifundisha kitu kitamu namna hii. Alikuwa anavuta jibini kwa meno huku anacheka. Nilimwambia nimejifundisha mwenyewe. Akaomba nimwandikie namna ya kuupika, ana harusi ya kaka yake Jumamosi, anataka kuwapelekea maharusi. Nikamwandikia. Kwa hiyo utauona mezani kwako. Usishtuke, kula tu.

Gauni la bluu nimempa mtoto wa Malale, linamkaa.

Sitauliza shule wala jina. Martin amlee vizuri. Ila Dorice akishakuwa mkubwa wa kutunza siri, mwambie siku ile sikuwa mgonjwa na wageni niliwataka. Na mnikumbuke, mwanangu. Hata mkiwa kimya, mnikumbuke.

Rozalia